Zamu ya Kupiga: Jumamosi Moja katika Uwanja wa Azad, Mumbai

Ukitoka kwenye kituo kikuu cha treni cha Mumbai, kile chenye kuba na minara ya mawe ambacho Waingereza walikikamilisha mwaka 1888, huna haja ya kuuliza njia ya kwenda Azad. Jumamosi asubuhi wafuate watoto. Wanashuka kwenye treni za mitaa wamevaa nyeupe tupu, mabegi mgongoni, mipini ya magongo ikichungulia juu ya vichwa vyao. Wanavuka barabara kwa njia ya chini ya ardhi, wanapita ubavuni mwa jengo la manispaa, na hapo mji uliokubana tangu ulipoamka unakuachia: uwanja mpana wa vumbi na majani makavu, na juu yake mechi za kriketi zimetapakaa kila upande unaogeukia.

Azad ina sehemu 22 za kuchezea kriketi, na siku kama hiyo nyingi zinatumika kwa wakati mmoja. Mipaka yake inaingiliana. Mdakaji wa mechi moja anasimama hatua chache tu kutoka kwa mlinda wiketi wa mechi nyingine, wamepeana migongo, kila mmoja na mchezo wake. Mpira ukipotelea kwa jirani, mtoto wa huko anausimamisha kwa mguu, anaurudisha, anaendelea na kazi yake. Mgeni anakaa akijiuliza itakuwaje watu wasigongwe vichwa. Wenyeji hawajiulizi.

Mumbai nilikwenda kumsindikiza Baba Mdogo hospitali. Watanzania wenzangu wanaijua safari hiyo: barua ya rufaa, viza ya matibabu, chumba cha kupanga karibu na hospitali, na siku nyingi za kusubiri majibu. Baba Mdogo ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, kafundisha Muheza na vijiji vya jirani karibu maisha yake yote, na kukaa bure hakuwezi. Daktari alimwambia atembee kila asubuhi. Alipochoka kuzunguka hoteli yetu nikamwambia, "Baba Mdogo, twende nikakuonyeshe mpira wa huku."

"Mpira gani?"

"Kriketi."

"Huo wa Wahindi wa Upanga?"

Nikamwambia ndio huohuo, ila hapa tutauona kwao. Tukachukua teksi.

Mimi kriketi niliipata sekondari, Dar es Salaam, ilipoletwa shuleni kwetu na watu waliokuwa wakizunguka mashule na magongo ya plastiki na mipira laini. Tulikuwa wengi kuliko vifaa. Nilikuwa mdakaji wa pembeni kabisa, na mara nyingi mechi iliisha sijashika gongo. Hata hivyo niliupenda mchezo huo na bado naupenda, kwa hiyo kufika Azad kwangu lilikuwa jambo kubwa. Nilikuwa nimesoma habari za uwanja ule tangu nikiwa kijana.

Tulikaa chini ya mti, upande wa barabara inayokwenda sinema ya Metro, kwenye ukuta mfupi wenye kivuli. Mbele yetu timu mbili za shule, wavulana wa chini ya miaka 14, ova 35 kila upande. Wenye kofia za buluu walitoka shule ya binafsi. Walikuwa na kocha mwenye filimbi shingoni, ndoo ya barafu, na mabegi yanayofanana. Wenye kofia za rangi ya damu ya mzee walitoka shule ya manispaa. Hao nao walikuwa na mwalimu wao, bwana mwembamba mwenye shati lililochomekewa, na magongo matatu ambayo timu nzima iliyatumia kwa zamu.

Pembeni, kwenye meza ya plastiki, waliketi wavulana wawili wenye daftari kubwa la hesabu, mmoja wa kila shule. Kila mpira uliorushwa waliuandika: nukta ikiwa hakuna kilichopatikana, namba ikiwa wamekimbia. Mwamuzi akiinua mkono, nao waliinua wao kuonyesha wameona. Baba Mdogo alilitazama daftari lile kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama mchezo. "Mwandiko mzuri," akasema.

Halafu akaniuliza, "Haya, nani anashinda?"

Nikamweleza kwa kifupi, kama ninavyomweleza sasa msomaji asiyeujua mchezo. Timu moja inapiga, nyingine inarusha na kudaka. Wapigaji wako wawili uwanjani kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake wa ukanda, nyuma yake vijiti vitatu vinavyoitwa wiketi. Mrushaji anakuja mbio na kuutupa mpira ili avunje vile vijiti. Mpigaji anauzuia au anaupiga, na wakibadilishana pande wanapata mkimbio mmoja. Mpira ukifika mpakani ni mikimbio minne. Ukivuka hewani, sita. Mipira sita ndiyo ova moja. Vijiti vikivunjwa, au mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, mpigaji katoka, husemwa wiketi imeanguka, na hana nafasi ya pili katika zamu hiyo.

"Harudi tena?"

"Harudi."

"Hata akiwa mtoto?"

"Hata akiwa mtoto, Baba Mdogo."

Akatikisa kichwa. "Sasa mtoto asafiri kwa treni asubuhi yote hii, atolewe kwa mpira wa kwanza, akae chini mpaka jioni."

Ukweli ni kwamba huo ndio ugumu wa kriketi ya watoto. Katika soka mbovu wa timu naye anakimbia dakika zote. Katika kriketi mtoto anaweza kufika uwanjani na kuondoka bila kupiga wala kurusha hata mpira mmoja, na kwenye karatasi akahesabiwa amecheza.

Wa buluu walianza kupiga. Aliyefungua mchezo alikuwa kijana mrefu kidogo kuliko wenzake, na kwa namna alivyosimama tu ungejua kafundishwa: kichwa kimetulia, kiwiko cha mbele kimeinuka, gongo linashuka limenyooka. Hakupiga kwa nguvu. Aliuacha mpira umfikie, akausukuma pale pasipo na mtu. Warushaji wa manispaa walijitahidi, hasa mmoja, mdogo wa umbo, wa mkono wa kushoto, aliyerusha polepole mpira wa kuzunguka. Alitembea hatua nne, akachezesha kifundo cha mkono, na mpira ulipotua ulikata kona kuelekea nje. Mara mbili ulipita gongo la yule mrefu bila kuguswa, na mara zote mbili mrushaji aliyashika mashavu yake kwa mikono yote miwili. Alipata wiketi tatu, lakini si ile aliyoitaka.

Ilipofika ova ya ishirini yule mrefu alikuwa na mikimbio 74. Ndipo kocha wa buluu alipofanya jambo ambalo sikulitegemea Mumbai. Alikwenda mpakani, akamwita mwamuzi, akamwashiria mpigaji wake atoke. Hakutolewa na mtu. Aliitwa apumzike, mwingine aingie.

Kijana alisimama kwanza pale katikati, kama hakusikia. Halafu akaja, akiburuza gongo. Nyuma yetu kidogo mzazi mmoja aliinuka na kuanza kupaza sauti. Jamaa aliyekuwa ameketi karibu nasi, karani wa ofisi aliyetoka kula chakula chake, alitutafsiria kwa Kiingereza: baba mtu anasema mwanawe alikuwa anakwenda kufika mia moja, na mia moja huandikwa magazetini, na wanaochagua timu husoma magazeti. Kocha hakumjibu. Kijana aliketi juu ya begi lake na kuanza kufungua kamba za pedi, mguu mmoja, kisha wa pili, bila kumtazama mtu.

Aliyeingia badala yake alikuwa wa nane kwenye orodha. Pedi zilimfika karibu na kiuno, na helmeti ilicheza kichwani kila alipogeuza shingo. Mipira minne ya kwanza hakuigusa. Wa tano uligonga ukingo wa gongo lake ukaenda pembeni, mwenzake akapiga kelele, wakakimbia. Alikimbia akicheka, mdomo wazi, njia nzima. Alipata mikimbio sita kabla ya kudakwa, na alipotoka alipita mbele ya meza ya daftari akainama kuhakikisha zimeandikwa.

Baba Mdogo alikuwa amekaa wima. "Yule mwalimu nimempenda," akasema. "Kila shule niliyofundisha, siku ya mahafali anaitwa mtoto yuleyule asome shairi. Wazazi wanapiga makofi, mwalimu mkuu anafurahi. Wale arobaini wengine hujui kama wana sauti."

Ili kuuona uzito wa alichokifanya kocha yule, inabidi kujua kilichowahi kutokea kwenye uwanja huohuo. Mwezi Februari 1988, katika nusu fainali ya Harris Shield, mashindano ya shule za mji huu yaliyoanza karne ya kumi na tisa na kupewa jina la Lord Harris, aliyekuwa gavana wa Bombay, kama Mumbai ilivyoitwa zamani, wavulana wawili wa shule ya Shardashram Vidyamandir waliwakabili St. Xavier's. Sachin Tendulkar alikuwa bado hajatimiza miaka 15, Vinod Kambli alikuwa na 16. Waliungana wiketi mbili zikiwa zimeanguka, wakapata pamoja mikimbio 664 bila kutenganishwa: Tendulkar 326, Kambli 349. Kocha msaidizi aliwaashiria wafunge zamu, wapinzani nao wapige. Wao wakaendelea kupiga. Jumla ilifika 748 kwa wiketi mbili. Kisha Kambli akageuka mrushaji, akachukua wiketi sita, na St. Xavier's wakaishia 145.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowatangaza. Mwaka uliofuata Tendulkar aliichezea India. Kila mtu anayeipenda kriketi anaijua 664. Mimi nilipokuwa Azad nilimfikiria mtoto mwingine. Jina lake Amol Muzumdar, alikuwa wa timu hiyohiyo, na ndiye aliyefuata kuingia. Alivaa pedi akasubiri. Alisubiri wakati wote wenzake walipokuwa wanapiga, na zamu ikafungwa hajaingia. Maisha yake ya kriketi yakawa hivyo hivyo: katika mechi yake ya kwanza ya daraja la juu, mwaka 1994, aliifungia Bombay mikimbio 260, akaendelea mpaka akapita mikimbio elfu kumi na moja, na timu ya taifa haikumwita hata mara moja. Mwezi Novemba 2025, akiwa kocha wa timu ya wanawake ya India, alitwaa nayo Kombe la Dunia, hukohuko Navi Mumbai. Nililia nilipoiona picha yake siku ile, na sioni haya kusema.

Kuna kisa kingine, cha karibu zaidi, nacho kinauma. Januari 2016, Kalyan, nje kidogo ya Mumbai, Pranav Dhanawade, miaka 15, mtoto wa dereva wa bajaji, alipata mikimbio 1,009 katika zamu moja bila kutolewa. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya mwaka 1899, ya A. E. J. Collins wa Clifton College kule Uingereza, 628. Timu ya Dhanawade ilifunga zamu kwa 1,465. Wapinzani wao walipata 31, wakarudia wakapata 52. Dunia nzima iliandika habari za Pranav, na alistahili pongezi, maana kupiga siku mbili ni kazi ya moyo na misuli. Lakini wale kumi na mmoja wa upande wa pili walikuwa watoto, wengi wao wadogo zaidi yake, na walifukuza mpira juani siku mbili. Na Pranav mwenyewe hakupona na ile namba. Kila alipoingia uwanjani watu walitarajia elfu nyingine. Chama cha kriketi cha Mumbai kilimpa ufadhili. Ulipofika mwaka 2017 familia ikauacha, baada ya mikimbio kumkauka. Mtoto wa miaka 15 alikuwa amebebeshwa mzigo ambao mtu mzima angeuweka chini.

Kwa upande wangu, mechi ya watoto ambayo timu moja inapata 1,465 na nyingine 31 ina kasoro hata kama hakuna sheria iliyovunjwa, na mwenye kuwajibika ni mtu mzima aliyesimama mpakani mikono nyuma.

Najua atakayenijibu. Atasema ukali huo wa Mumbai ndio uliomtoa Tendulkar. Ukiwapumzisha wenye vipaji utapata timu ya wastani. Hoja hiyo nimeitafakari, na jibu lake liko katika maisha ya Tendulkar mwenyewe. Amesimulia hadharani kwamba alipoanza kucheza mechi alitolewa bila mkimbio wowote mara mbili mfululizo. Aliyemwinua ni kocha wake, Ramakant Achrekar, aliyefariki Januari 2019. Achrekar alikuwa akimpakia kwenye skuta yake na kumpeleka kutoka mechi moja hadi nyingine, apate kupiga zaidi ya mara moja kwa siku. Jioni, kijana akiwa amechoka, aliweka sarafu ya rupia moja juu ya wiketi: atakayemtoa Sachin anaichukua, asipotolewa ni ya Sachin. Tendulkar alizitunza sarafu 13 za namna hiyo. Kilichomfikisha alipofika ni zamu, nyingi, alizopewa na mtu aliyehangaika kumtafutia. Naye baada ya kustaafu alijitokeza kushauri kwamba mechi za shule Mumbai zichezwe na watoto zaidi ya kumi na mmoja kila upande, ili walio wengi waguse mpira.

Uwanja wenyewe una historia ya watu waliotaka zamu wakanyimwa. Miaka ya 1880 Waparsi na Wahindu waliokuwa wakicheza kriketi kwenye eneo hili la wazi waliandika barua baada ya barua kwa serikali kulalamikia Wazungu wa Bombay Gymkhana, waliokuwa na uwanja wao mzuri pembeni lakini wakaja kuchezea polo kwenye uwanja wa wenyeji, kwato za farasi zikachimbua ardhi mpaka mpira haukujulikana utaruka kwenda wapi. Gymkhana hiyo ingali pale upande wa kusini, paa lake linaonekana kutoka mahali tulipoketi. Ndipo India ilipocheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa ya Test kwenye ardhi yake, Desemba 1933.

Na yuko Palwankar Baloo, ambaye ningependa kila mtoto wa kriketi wa kwetu alijue jina lake. Alizaliwa katika tabaka la watu walioitwa wasioguswa. Kule Poona, yaani Pune ya leo, alifanya kazi kwenye klabu ya Wazungu, akisawazisha na kufagia ukanda wa kuchezea, kisha akaruhusiwa kuwarushia mipira wakati wa mazoezi. Alirusha saa baada ya saa, kwa mkono wake wa kushoto, na katika muda wote huo hakupewa gongo hata mara moja. Kupiga kulikuwa kwa mabwana. Aliponoga walimhitaji, Wahindu wa tabaka la juu wakamwingiza kwenye timu yao, ila wakati wa chai alipewa yake nje, kwenye kikombe cha udongo cha kutupa. Mwaka 1911 alisafiri na timu ya India kwenda Uingereza akawa mrushaji bora wa msafara wote. Unahodha wa Wahindu hakupewa. Aliupata mdogo wake Vithal, mwaka 1923, baada ya watu kupiga kelele.

Mchana wakala, nasi tukala. Karani alitununulia vada pav, akakataa katakata tumrudishie. Ni kachori yetu ya pwani hasa, ya viazi na binzari, imebanwa ndani ya mkate mdogo na chatine kali ya pilipili na vitunguu saumu. Baba Mdogo, aliyeagizwa na daktari asile vya kukaanga, alikula nusu. Hapo akaja mzee mmoja kutoka mechi ya jirani, akauliza tumetoka wapi. Nilipomwambia Tanzania, akafikiri kidogo, akauliza kama ni karibu na Kenya. "Tikolo!" akasema, akimtaja mchezaji wa Kenya. Akamtaja na Odumbe, na ile siku Pune, 29 Februari 1996, Kenya ilipoibwaga West Indies kwa mikimbio 73 katika Kombe la Dunia, mwendo wa saa chache tu kutoka hapa tulipo. Kisha akajigonga kifua: mwaka 2003 Kenya walipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, kocha wao alikuwa Sandeep Patil, mtu wa Mumbai, mtu wa Shivaji Park. Nusu fainali hiyo walifungwa na India, kule Durban. Alilikumbuka jambo hilo kwa huruma, kana kwamba kwa vile kocha ni wao, na sisi ni wao.

Zamu ya pili ilikuwa ya watoto wa manispaa. Walitakiwa kufikisha 189. Wapigaji walipobadilishana, aliyetoka alimvulia glavu anayeingia palepale mpakani, zikiwa bado na jasho. Yule mrushaji mdogo wa kushoto aliingia wa tatu, akapiga vizuri kuliko nilivyotegemea, hasa mpira wa kuelekea mguuni, alioufagilia chini kwa goti moja. Wakafika 90 kwa wiketi nne, kisha zikaanguka tatu haraka.

Kocha wa buluu angeweza kumaliza mechi hapo. Warushaji wake wawili wenye kasi walikuwa na ova zimebaki. Badala yake akawaita wale ambao hawakuwa wamerusha, mmoja mmoja, akiwa na orodha mkononi. Mipira ikaanza kwenda kombo. Mwingine ulirushwa ukatua kwenye mechi ya jirani kabisa. Kila mpira wa kombo ni mkimbio wa bure kwa wapinzani, kwa hiyo manispaa wakasogea: 120, 135, 150. Benchi lao lote lilikuwa limesimama. Wazazi wa buluu walianza kunung'unika, na baba wa yule mrefu hakunung'unika, alisema waziwazi. Kulikuwa na hatari ya kweli kwamba kocha angepoteza mechi aliyokwisha kuishinda.

Mpigaji wa mwisho wa manispaa, wa kumi na moja, alikaa kwenye vijiti ova tano nzima. Hakuwa anajua kupiga. Alijua kuzuia: kila mpira aliweka gongo mbele na kufumba macho, nina hakika alifumba macho. Alitolewa kwenye 161. Buluu wakashinda kwa mikimbio 27, na watoto wao wote, niliwahesabu kwenye daftari kwa ruhusa ya waandishi, walikuwa wamepiga au kurusha. Wa manispaa walibaki wawili ambao hawakurusha, ila wote walipiga.

Yule kijana mrefu aliyekatizwa kwenye 74 hakuzungumza na kocha wake mpaka mabegi yalipofungwa. Simlaumu. Sabini na nne ni nyingi na mia iko karibu, na pengine itachukua miaka kabla hajaona kwamba hakuibiwa kitu. Nilimfuata kocha, nikampa mkono, nikamuuliza kwa nini. Alikuwa mwalimu wa michezo, si kocha wa kulipwa kama nilivyodhani. Alinijibu kwa Kiingereza, kwa haraka, akikusanya mipira: yule mmoja anajua tayari kwamba anaweza; hawa wengine hawajui, na yeye mwenyewe hawajui bado. Aliongeza kwamba wazazi wanne wamekwisha kuandika barua kwa mkuu wa shule kumlalamikia.

Tulirudi hotelini kwa teksi. Baba Mdogo alilala njia nzima.

Nimeiandika safari hii kwa sababu kriketi ya kwetu imefika mahali pa kuamua itakuwa ya namna gani. Vijana wa Tanzania walifuzu, kwa mara ya kwanza, Kombe la Dunia la chini ya miaka 19 la mwaka 2026, lile lililopangwa kuchezwa Zimbabwe na Namibia. Mchezo uliokuwa umejifungia kwenye viwanja vichache vya Dar es Salaam sasa umeingia shule za kata, na watoto wasio na gongo lao wanaupenda. Mafanikio yakija, na tamaa ya namba kubwa itakuja: mzazi atataka mia, shule itataka picha gazetini, na mtoto wa kumi na moja atasahaulika na pedi zake.

Walimu wenzake Baba Mdogo mnaosimamia timu hizo, nawaomba jambo moja. Kabla mechi haijaanza andikeni majina yote kwenye karatasi, na mbele ya kila jina acheni nafasi mbili, ya kupiga na ya kurusha. Mechi ikikaribia mwisho itazameni karatasi hiyo kabla ya kutazama matokeo. Mkiona jina lenye nafasi mbili tupu, muiteni mwenye mikimbio mingi atoke, na huyo mwingine aingie.